Tunapita Chini

Kila nikipita chini ya daraja kati ya Lanham na Germantown, napunguza mwendo na kusema kwa sauti, hata nikiwa peke yangu garini: "Tunapita chini." Wa nyuma yangu wananipigia honi. Wapige tu. Tabia hii si yangu, niliachiwa na mtu, na mwenyewe hayupo tena wa kumrudishia.

Sote tulimwita Mwalimu. Jina lake halisi lilibandikwa kwenye sanduku la barua la jengo lake, na nadhani mleta barua ndiye peke yake aliyelitumia. Alikuwa mama mtu mzima, mwalimu wa Jumamosi. Alifundisha Kiswahili watoto wetu waliozaliwa huku ughaibuni, wale wanaoelewa kila unachosema na bado wanakujibu kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa dereva wake. Hakuna aliyeniteua. Nilikaa Lanham kama yeye, binti yangu Neema alikuwa mwanafunzi wake, na darasa lenyewe lilikuwa Germantown, kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, kwa sababu huko ndiko familia zenye watoto zilikohamia kufuata nyumba mpya. Mwalimu alikuwa Mwislamu wa swala zote. Kufundishia chini ya kanisa hakukumsumbua hata kidogo. Kilichomsumbua ni ngazi za kushukia, na zulia ambalo alidai linanuka soksi.

Jumamosi ya kwanza nilipomchukua, tulipokaribia daraja, alinigusa mkono akaniambia nipunguze. Nikadhani ameona polisi. Nikapunguza. Akasogeza uso karibu na kioo cha mbele, akatazama juu, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tunapita chini." Kisha akatega sikio kama mtu anayesubiri jibu. Tulipotokea upande wa pili akanipa ishara ya kichwa niendelee. Nikajisemea moyoni, leo nimepatikana, nimempakia mtu na mashetani yake. Na njia ya kwenda Germantown madaraja yamejaa. Tulifika watoto wameshamaliza juisi na biskuti, wazazi wananiangalia mimi kana kwamba ndimi niliyechelewa kuamka.

Sababu yake ilikuwa kwao. Kwao ni milimani, Usambara, mji mdogo wa mbao ambao hakupenda utajwe ovyo, nami siutaji. Mji ule ulikuwa na reli ya kuning'inia. Alisema reli, na ukimwambia ni waya tu alikukasirikia. Ni kweli ulikuwa waya, mnene kama mkono wa mtoto, umepitishwa juu ya nguzo za chuma kutoka msituni mlimani mpaka kiwandani bondeni. Chini ya waya yalining'inia mabehewa, na mabehewa yalibeba magogo. Yalipita juu ya mashamba ya watu, juu ya mapaa, juu ya njia ya sokoni. Wajerumani ndio walioianza, wengine wakaiendesha baada yao. Mwalimu alikua akisikia sauti yake tangu anaamka mpaka analala, na alisema sauti hiyo ilikuwa ya kukwaruza na kuimba kwa pamoja.

Magogo mengine yalianguka. Kwa hiyo mji ukajiwekea utaratibu. Ukifika chini ya waya, hupiti. Unasimama, unaita: "Tunapita chini." Kwenye behewa la mwisho alikaa mtu juu ya ubao, kazi yake ni kupaka grisi magurudumu na kuangalia mizigo. Huyo ndiye aliyekujibu. Kama mzigo umekaa vizuri alisema, "Piteni." Kama umelegea alisema, "Simameni." Na mara nyingi humwoni, maana milima ile na ukungu ni mke na mume. Unaita kwenye weupe, weupe unakujibu, unapita na mzigo wako kichwani.

Watu wazima hapa hawakumwamini. Kijana Mkenya wa mlango wa mkabala na wake, anayefanya kazi za ofisini Arlington na kurudi amechoka kama punda, alimtania kila walipokutana kwenye korido: "Mwalimu, hiyo train yenu ilikuwa inahang tu hivyo? Na stima ikipotea?" Mama mmoja Mkongo, mzazi mwenzetu, alimsikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa: "Treni inatembea ku kamba, na batu banaikala chini yake? Mwalimu, unatuchekesha." Mwalimu alicheka nao. Hakuwa na picha ya kuwaonyesha, na hakutafuta. Watoto ndio waliomwamini papo hapo. Kuta za ukumbi ule zilijaa michoro ya mabehewa yanayoelea, mengine yamewekwa madirisha na bendera, moja lina mtu juu yake mwenye miguu mirefu inayofika chini kabisa ya karatasi. Huo wa miguu mirefu Mwalimu aliubandua akaenda nao nyumbani, na hakumwambia mtoto kwa nini.

Darasani alikuwa mkali kwa jambo moja. Sarufi ikivunjika aliivumilia, wingi na umoja vikigombana alivisuluhisha taratibu. Lakini salamu hakuivumilia. Aliingia, watoto wakasimama, shikamoo Mwalimu, marahaba. Halafu alianza kupita mmoja mmoja. Habari yako? Nzuri. Na hapo ndipo alipoegemeza mikono kwenye meza ya mtoto, akamtazama usoni, akauliza tena: "Na ya kweli?"

Mwanzoni watoto walicheka. Baadaye wakaanza kujibu. Mmoja akasema jino linamuuma. Mwingine akasema baba na mama hawaongei. Neema wangu, ambaye nyumbani ukimuuliza jambo anapandisha mabega, alimwambia Mwalimu mbele ya wenzake kwamba shuleni hakuna anayekaa naye wakati wa chakula. Mimi mama yake nililisikia hilo nikiwa mlangoni, nimeshika funguo za gari, na nilitamani zulia lile la soksi linifunike. Wazazi wengine walilalamika kwamba Mwalimu anatoa siri za nyumba za watu. Alipoambiwa alisema yeye hatoi siri, anafundisha salamu.

Sasa huyo mtu mwenye "na ya kweli" yake, ukimuuliza yeye, alikujibu nini? Nzuri. Nzuri tu, alhamdulillahi. Ana homa ya kutetemeka, nzuri. Bomba la jikoni limepasuka na maji yako kwenye vifundo vya miguu, nzuri. Nikimrudishia swali lake mwenyewe alijifanya hakusikia, akaanza kusema juu ya hali ya hewa. Baridi ya huku alikuwa haiwezi. Alisema haina adabu, inaingia bila hodi.

Alikuwa na vituko vyake vingine. Ndege wa kibarazani kwake walikula mchele wa basmati, ule ambao sisi wengine tunaupika wageni wakija. Alipenda mieleka ya kwenye televisheni kupita kiasi, na mtu akitupwa nje ya ulingo aliona huruma mpaka machozi, ingawa alijua fika kwamba wanaigiza. Mkongojo alioandikiwa na daktari aliugawa kwa bibi wa ghorofa ya chini. Mimi nilimtafutia kile kidude cha kuvaa shingoni, ukianguka unabonyeza na watu wanakuja. Alikitundika kwenye msumari jikoni, karibu na kichujio cha chai. "Mimi si mbuzi wa kufungwa kengele," akasema.

Hilo liliniuma, na nitaeleza kwa nini. Kazi yangu ni kuangalia wazee wa watu majumbani kwao. Nimewaona wengi wanaokaa peke yao. Najua jinsi wanavyojibu nzuri mpaka siku mtu anapofungua mlango na kukuta hali nyingine kabisa. Mwalimu hakuwa na mtoto huku wala ndugu. Alikuwa na sisi tu, watu wa Jumamosi. Hofu yangu kubwa ilikuwa hiyo: kwamba huyu mama atakufa nyuma ya mlango ule wa ghorofa ya tatu, huku sisi sote tumemsalimia na kuondoka.

Na mwaka ule mimi mwenyewe sikuwa mzima. Mama yangu alifariki Morogoro, na makaratasi yangu yalikuwa bado hayajakaa sawa, ningetoka nchi hii nisingerudi. Nilifuata maziko kwenye simu, nimekaa kwenye gari nje ya nyumba ya mzee ninayemtunza. Picha ikakatika wanapoteremsha mwili. Nikasubiri irudi, haikurudi, nikafuta uso, nikaingia ndani kumpa mzee wa watu dawa zake. Walionipigia simu za pole wote niliwaambia naendelea vizuri, tumshukuru Mungu. Jumamosi ile Mwalimu alipanda gari, akafunga mkanda, akaniuliza habari. Nzuri, nikasema. "Na ya kweli?" Nikamwambia Mwalimu, tutachelewa. Akaniangalia kidogo, kisha akageukia mbele. Mpaka Germantown hakusema kitu ila kwenye madaraja.

Siku aliyonisimulia habari ya mtu wa kwenye waya ilikuwa asubuhi ya ukungu. Ulishuka barabarani mpaka taa za gari la mbele zikawa kama mshumaa ndani ya chandarua. Nikaingia kwenye kituo cha mafuta tusubiri upungue. Neema alikuwa amelala kiti cha nyuma. Mwalimu alishusha kioo, akausikiliza ukungu, halafu akaanza, bila kuombwa na bila kunitazama.

Aliyekaa kwenye ule ubao alikuwa mtu wa kuja. Wengine walisema katoka Nyasa, wengine Kongo. Aliishi peke yake kwenye vibanda vya kampuni, hana mke, hana jamaa. Mji mzima ulimwita Wa Juu. Mwalimu wakati huo alikuwa msichana wa shule, na hakuwahi kuiona sura ya mtu yule kwa karibu. Aliijua sauti yake, na soli za viatu vyake.

Siku moja mwenye kiwanda aliamua kufunga. Mashine ikazimwa mchana, ghafla. Wafanyakazi wakaitwa uwanjani, wakaambiwa kazi imekwisha, wakatawanyika na hasira zao. Bonde lilikuwa limejaa ukungu. Watu wa kiwandani walidhani Wa Juu kashukia msituni. Watu wa msituni walidhani kashukia kiwandani. Hakukuwa na nyumba iliyomwekea chakula ikaona hajaja. Naye alikuwa amening'inia juu ya bonde, pale penye kina kuliko pote, anasubiri mashine iwake, maana ilikuwa na kawaida ya kusimama na kuwaka tena.

"Sisi tukaendelea kwenda sokoni," Mwalimu alisema.

Kila aliyefika chini ya waya alisimama, akaita kwenye ukungu kwamba anapita chini. Na juu sauti ikajibu, piteni. Ilijibu jioni ile. Ilijibu asubuhi ya pili, mchana, jioni tena. Mwalimu mwenyewe alipita na debe la maji, akaita, akajibiwa, akapita. Akarudi, akaita, akajibiwa. Alisema sauti ilikuwa imekwaruza kidogo, akadhani Wa Juu ana mafua.

Nikamuuliza kama hawakushangaa. Mashine imezimwa, mabehewa hayatembei, mtu anayejibu anafanya nini huko?

Hakuna aliyeshangaa, alisema. Sauti ile ilikuwa ikijibu tangu yeye ana akili. Watu wa kwao waliizoea kama walivyozoea nguzo. Ukiita ukajibiwa, umepata ulichotaka, unaenda zako. Mpaka asubuhi moja waliita na hawakujibiwa. Na kwa utaratibu wao, usipojibiwa hupiti. Basi watu wakajaa upande huu na upande ule wa njia na vikapu vyao, wakaanza kunung'unika kwamba Wa Juu amelala kazini. Ndipo upepo ukaja, ukungu ukafunguka, wakamwona. Alikuwa ameketi kwenye ubao wake, kopo la grisi mapajani, kichwa kimeinama kama anayeangalia nani anapita. Baridi ya milimani ndiyo iliyommaliza.

Nilikuwa nimeshika usukani wa gari lililosimama. Nikamuuliza kwa nini hakusema kwamba amekwama.

"Alikuwa na maneno mawili tu," Mwalimu akanijibu. "Angesema simameni, tungekimbia tukidhani gogo linaanguka. Na njia ilikuwa salama. Akasema kweli. Sisi hatukumuuliza habari zake, Mama Neema. Tulimuuliza habari za njia."

Lakini hata yeye hakuridhika na jibu hilo. Aliongeza, kwa sauti ya chini, kwamba mtu ana koo na ana pumzi, kwa nini asipige kelele, hata moja. Alisema swali hilo amehama nalo nchi na nchi na hajaona wa kumjibu.

Waya ulikuja kukatwa ukauzwa chuma chakavu. Nguzo chache zikabaki zinaliwa na kutu. Watu wa kwao, hata hivyo, hawakuacha kuita. Mwalimu alisema siku ya mwisho kabla hajaondoka mji ule alipita njia ya sokoni, ukungu umeshuka, juu hakuna waya wala behewa. Akasimama, akaita kama alivyofundishwa. Akajibiwa. Ilikuwa sauti ile ile, na mafua yake.

Mimi si mtu wa mizimu, nimelelewa kwenye kwaya. Lakini sikutaka kuangalia juu ya kituo kile cha mafuta. Tangu siku ile niliita naye kwenye madaraja, wote wawili kwa pamoja, na Neema akaanza kuita kutoka kiti cha nyuma. Mara moja Neema aliniuliza, kwa Kiingereza chake, iwapo kuna siku nimesikia mtu akijibu. Nikamwambia anyamaze. Ukweli ni kwamba nilikuwa nasikiliza.

Jumamosi ninayotaka kumalizia nayo ilikuwa ya mwisho wa vuli, majani yote chini, mvua ya manyunyu. Nilipandisha ngazi kumchukua Mwalimu kama kawaida. Nikabisha hodi. Akanijibu kutoka ndani, sauti safi, kwamba leo haji. Amechoka kidogo, atapumzika. Mama Mkongo awape watoto kazi.

"Lakini habari za tangu juzi, Mwalimu?"

"Nzuri tu, alhamdulillahi. Nendeni, mtachelewa."

Nikashuka. Nasema ilivyokuwa: nilishuka ngazi zote, nikafika kwenye gari, nikafungua mlango. Neema akauliza Mwalimu yuko wapi, nikamjibu kwamba anapumzika. Nikakaa, nikaingiza ufunguo. Ndipo lile neno likanigeukia kichwani. Nendeni. Alivyolisema, kwa upole, kwa utaratibu, kama mtu aliye kazini. Na sauti yake ilitoka chini. Mimi nilisimama mlangoni, na sauti ya Mwalimu ilitoka usawa wa magoti yangu.

Sijui nilipandaje zile ngazi. Nikabisha tena.

"Mwalimu, ni mimi. Sijaenda. Nimesimama hapa, na siendi popote."

Nikaweka sikio mlangoni.

"Habari yako?"

"Nzuri," akasema.

"Na ya kweli?"

Nilisikia mvua kwenye kioo cha korido. Nilisikia televisheni ya mtu ghorofa ya pili. Muda ulipita mpaka nikaogopa kwamba nimechelewa, kwamba ile nzuri ndiyo ilikuwa ya mwisho. Halafu kutoka chini ya mlango ikaja sauti nyingine kabisa, karibu ya mtoto.

"Nimeanguka, mwanangu. Tangu jana."

Yule kijana Mkenya ndiye aliyekuwa na ufunguo wa akiba. Nilimgongea mpaka akatoka na mswaki mdomoni. Alipoelewa, alikimbilia mlango, ufunguo ukakataa kuingia. Alirudia kitu kimoja tu, kwamba aki ya Mungu alimuuliza, jana akitoka kazini na leo asubuhi, alimuuliza kupitia mlango kama yuko poa, na Mwalimu akasema poa.

Alikuwa amelala sakafuni karibu na mlango, amejifunika koti, mguu umegeuka vibaya. Kile kidude cha kubonyeza kilikuwa jikoni kwenye msumari wake. Lakini simu ilikuwa mkononi mwake, na hiyo ndiyo iliyonivunja. Ilikuwa na chaji bado. Ilikuwa imeita tangu jana. Mama Mkongo alipiga kuuliza darasa, wazazi wawili watatu walipiga, mtu wa msikitini alipiga. Wote aliwapokea, akiwa chini pale pale, mfupa umevunjika, na wote aliwaambia nzuri.

Kijana akashuka na simu yake kuwasubiri watu wa gari la wagonjwa awaonyeshe njia, akamchukua Neema akae naye chini. Mimi najua kazi yangu, sikumwinua. Nilimletea blanketi, nikamwekea mto mdogo chini ya kichwa, nikamlowesha midomo. Kisha nikakaa sakafuni kando yake, mgongo kwenye ukuta. Ukutani mbele yetu alikuwa amebandika ule mchoro wa mtu mwenye miguu mirefu.

Nilikuwa na hasira, na nilimwambia. Nilimwambia watoto wetu anawafundisha nini, kama yeye mwenyewe anaweza kulala chini siku nzima na simu mkononi. Nikamwambia kwamba ningemkuta maiti na ningeibeba hiyo mpaka kaburini kwangu.

Hakukasirika. Alikuwa anaangalia mchoro.

"Sasa nimejua kwa nini hakupiga kelele," akasema.

Nikamrekebishia blanketi.

"Kila aliyeniuliza alikuwa anatembea, mwanangu. Nawasikia, mmoja yuko kwenye gari, mmoja anapika, mmoja anavaa viatu. Mtu anayetembea unaona haya kumsimamisha." Akafumba macho, nikadhani maumivu yamezidi. "Wewe ndiye uliyesema umesimama."

Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi, na mwepesi. Nje honi ikapigwa, haikuwa yao. Tukakaa. Mwalimu akafumbua macho, akanigeuzia uso kwa taabu, akanitazama kama alivyowatazama watoto akiegemea meza zao.

"Na wewe? Habari yako?"

"Nzuri, Mwalimu."

Hakuuliza mara ya pili. Alilala pale sakafuni na mfupa wake uliovunjika, hana pa kwenda, akaningoja.

Nikamwambia. Nilimwambia mama yangu amekufa na sikumzika. Kwamba picha ilikatika wakati wanamteremsha, na mpaka leo, nikifumba macho, mama bado anateremka, hajafika chini. Kwamba nimewaambia watu wote naendelea vizuri, mpaka dada zangu wakaamini na wakaacha kupiga. Nilisema mengine ambayo siwezi kuyaandika. Nililia kwa sauti niliyokuwa sijalia tangu nifike nchi hii, na Mwalimu alilia nami, kwa ajili ya mguu wake au ya mama yangu au ya Wa Juu, sikumuuliza.

Alikaa hospitali, kisha kwenye nyumba ya wazee, na baridi ilipokuwa inaisha tukamzika. Yote hayo nilikuwepo. Lakini nikimkumbuka namkumbuka pale sakafuni, mlango uko wazi, na wale vijana wawili wa gari la wagonjwa wanaingia na machela yao, wanasimama, wanatuangalia wanawake wawili tumeshikana mikono chini tunalia. Wakauliza mgonjwa ni yupi.